Yangeyange yupi huyo? Mwongozo kamili wa kuwatambua yangeyange weupe wa Afrika Mashariki

Ndege mweupe mwenye miguu mirefu akisimama kando ya maji, watu husema "yangeyange" na kuendelea na safari zao. Hawakosei. Tabu huanza pale unapotaka kujua ni yangeyange wa aina gani, kwa sababu kwenye jaruba moja la mpunga kule Mwea, Ahero, Kilombero au Mbarali wanaweza kusimama wa aina nne pamoja, wote weupe pe, wote wakitazama maji.

Wanne wenyewe ni yangeyange wa ng'ombe (Bubulcus ibis, ingawa orodha mpya zimemhamishia kwenye jenasi ya Ardea), yangeyange mdogo (Egretta garzetta), yangeyange wa kati (Ardea brachyrhyncha, ambaye vitabu vya zamani vinamwita intermedia) na yangeyange mkubwa (Ardea alba). Pwani huongezeka wa tano, Egretta dimorpha, na huyo nimempa sehemu yake mwenyewe huko chini. Majina ya kisayansi nimeyaweka ili uweze kumpata ndege katika kitabu chochote, hata kama mwandishi wake anatumia majina mengine.

Niseme mapema msimamo wangu: rangi ya mdomo iwe jambo la mwisho kuliangalia. Anayeanza huambiwa kwamba mdomo mweusi ni mdogo na mdomo wa njano ni mkubwa, na kanuni hiyo humharibia daftari kwa miaka. Mdomo wa yangeyange hubadilika rangi kwa umri na kwa msimu wa kuzaliana. Umbo lake habadilishi. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanza na yale yasiyogeuka, na zile rangi zinazogeuka zinakuja baadaye.

Kabla ya kutoka

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kabisa. Yenye kukuza zaidi hutikisika mkononi, na faida yake hupotea. Beba daftari na penseli, maana wino huyeyuka ukilowa. Toka mapema. Baada ya saa nne asubuhi mvuke wa joto unaopanda juu ya maji na tope hufanya miguu ya ndege ionekane kama inacheza, nawe unahitaji kuiona miguu hiyo vizuri. Simama jua likiwa mgongoni kwako. Ukipiga picha, punguza mwangaza wa kamera kidogo, la sivyo ndege mweupe atatokea kama doa lisilo na uso.

Pwani, fuata maji na si saa. Maji yakiwa yametoka sana, hasa wakati wa bamvua, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na hutaona kitu. Wakati mzuri ni pale maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa yanawasukuma taratibu kuelekea ulipo. Daraja la Selander jijini Dar es Salaam ni darasa zuri la bure kwa jambo hili, na hali kadhalika hori ya Mida karibu na Watamu.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yangeyange

Ndege mweupe akiruka, angalia shingo. Yangeyange wote hukunja shingo na kuingiza kichwa mabegani wanaporuka. Domomwiko na kwarara mweupe hunyoosha shingo mbele. Domomwiko ana uso na miguu myekundu, na mdomo wake bapa hauwezi kukupotosha ukiuona. Kwarara mweupe ana kichwa na shingo nyeusi na mdomo uliopinda kama mundu.

Mjanja zaidi ni Ardeola ralloides, korongo mdogo wa madimbwi. Akisimama kwenye magugumaji ni wa kahawia, hata humwoni. Akiruka, mabawa yanafunguka meupe na unaapa kwamba ni yangeyange. Mfuate kwa macho hadi atue. Akigeuka kahawia mbele yako, umeshampata.

Hatua ya pili: mpime na jirani yake

Ukubwa wa ndege aliye peke yake ni uongo mtupu. Kwenye tope lililo wazi, bila mti wala mtu, yangeyange mdogo huonekana mkubwa na mkubwa huonekana wa kawaida. Tafuta jirani: kunguru, bata, ng'ombe, korongo wa kijivu, au yangeyange mwingine.

Yangeyange wa ng'ombe ana kama sentimita 50 kutoka ncha ya mdomo hadi mkia, karibu sawa na yule kunguru mwenye kifua cheupe. Mdogo ana 55 hadi 65, lakini ni mwembamba. Wa kati yuko karibu na 65 hadi 70. Mkubwa hufika 90 na zaidi, yaani analingana na korongo wa kijivu. Wakisimama pamoja, mkubwa hujitokeza bila hata darubini. Kazi ngumu ni pale anapokosa wa kulinganishwa naye, na hapo ndipo watu humwita "wa kati".

Hatua ya tatu: mwache afanye kazi yake

Usikimbilie kufungua kitabu. Mpe ndege dakika tano akiwa anatafuta chakula, kwa sababu kila mmoja ana mwendo wake.

Wa ng'ombe hutembea nchi kavu huku kichwa kikiyumba mbele na nyuma, akifuata kwato za ng'ombe au nyati na kudaka panzi wanaoruka. Trekta au pawatila ikilima, yupo nyuma yake. Tabia hii ya kufuata mifugo imemsaidia kuenea kuliko yangeyange wengine: mwishoni mwa karne ya 19 alishafika Amerika ya Kusini, akiwa amevuka Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe, na leo yuko karibu kila palipo na malisho yenye joto. Usidhani lakini kwamba haendi majini. Wakati wa kuandaa majaruba huingia kwenye tope pamoja na wengine, na usiku hulala kwenye miti juu ya maji.

Yangeyange mdogo hana subira. Hukimbia kwenye maji ya kina kifupi, hugeuka ghafla, hufungua bawa moja, hurudi alikotoka. Mtazame anapoacha kukimbia: hunyoosha mguu mmoja mbele na kuutetemesha ndani ya tope, haraka haraka, mpaka samaki wadogo au kamba waliojificha washtuke. Ukiona mtetemo huo, jina limekaribia kupatikana kabla hujaangalia rangi yoyote.

Mkubwa ni kinyume chake. Husimama kwenye maji ya kina zaidi, shingo ameinamisha upande kidogo, akingoja. Anaweza kungoja hadi ukachoka wewe. Wa kati hutembea polepole, hatua kwa hatua, na hupenda mbuga zilizofurika, nyasi fupi zenye maji na kingo za mabwawa kuliko ufuko wa bahari. Ukimwona "wa kati" kwenye mawe ya pwani, mtazame tena.

Hatua ya nne: miguu na vidole

Hapa ndipo yangeyange mdogo anajitenga. Miguu yake ni myeusi, vidole ni vya njano. Hakuna mwingine kati ya wale wanne wa bara mwenye mchanganyiko huo. Mkubwa ana miguu na vidole vyeusi, na wa kati vilevile ana vidole vyeusi. Wa ng'ombe ana miguu ya kijivu iliyochanganyika na kijani chafu, ambayo wakati wa kuzaliana hupata wekundu.

Shida ni kwamba vidole hivyo vimo ndani ya maji au vimefunikwa tope jeusi. Usikate tamaa wala usikisie. Ngoja aruke. Anapoinuka, miguu hunyooka nyuma ya mkia na vidole vya njano vinaning'inia wazi, hata kutoka mbali. Kwa makinda waliotoka kiotani karibuni njano hiyo huwa imefifia na miguu huwa na ukijani, kwa hiyo hao wahukumu kwa mwendo na umbo.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huiruka, nayo ni sehemu ya mguu iliyo juu ya kile kinachoonekana kama goti. Kwa yangeyange wa kati sehemu hiyo mara nyingi huwa na umanjano au ukahawia uliopauka, huku chini ya goti pakiwa peusi. Kwa mkubwa huwa nyeusi yote kutoka juu hadi chini. Dalili hii inahitaji mwanga mzuri, ila ukiipata inafanya kazi kubwa katika hatua inayofuata.

Hatua ya tano: wa kati au mkubwa?

Tuketi hapa kidogo, kwa kuwa hili ndilo swali linalowagombanisha hata wazoefu. Wote wawili wana mdomo wa njano kwa sehemu kubwa ya mwaka, wote wana vidole vyeusi, wote hutembea kwa heshima zao.

Anza na kona ya kinywa. Kutoka kwenye mdomo kuna mstari mwembamba mweusi unaoelekea nyuma chini ya jicho. Kwa yangeyange mkubwa mstari huo unapita jicho na kuishia nyuma yake waziwazi, hata uso wake unaonekana kama ulichanwa kidogo kwa wembe. Kwa wa kati mstari unaishia chini ya jicho, hauvuki. Dalili hii haitegemei msimu wala umri, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ili uione, ndege lazima awe ubavu kamili. Akikukabili au akiwa ameinamisha uso, utajidanganya.

Kisha shingo. Shingo ya mkubwa ni ndefu kuliko mwili wake na ina pingili kali, kama vile mfupa ulivunjika ukaunganishwa vibaya. Anapoinyoosha, pembe ile bado inaonekana. Ya wa kati ni kama urefu wa mwili tu, na inapinda kwa ulaini bila pembe kali. Ndege aliyejikunyata kwa baridi au usingizi hakupi habari hii, kwa hiyo ngoja anyooke.

Mwisho kichwa. Cha mkubwa ni bapa na kinateremka moja kwa moja hadi kwenye mdomo mrefu, na kwa jumla unapata jisu moja. Cha wa kati ni cha mviringo, na mdomo ni mfupi na mnene kwa kulinganisha. Ukimtazama mara nyingi utaona kwamba sura yake ni ya upole zaidi, jambo ambalo haliandikwi kwenye daftari lakini jicho hulizoea.

Dalili mbili kati ya hizi zikikubaliana, andika jina. Moja peke yake haitoshi, isipokuwa ile ya kinywa ikiwa umeiona vizuri.

Hatua ya sita: manyoya ya msimu

Mvua zikikolea, yangeyange wengi huvaa manyoya marefu ya urembo, na mahali yanapoota panakuambia mengi. Mdogo huota manyoya mawili marefu kisogoni, pamoja na mengine kifuani na mgongoni. Wa kati huota kifuani na mgongoni, kisogoni hana. Mkubwa huota mgongoni tu. Kwa hiyo yangeyange wa mdomo wa njano mwenye manyoya marefu kifuani si mkubwa, hata awe na kimo gani. Wa ng'ombe hupakwa rangi ya machungwa iliyopauka utosini, kifuani na mgongoni, na akiwa hivyo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukutajia.

Manyoya hayo hayo ndiyo yaliyowaponza. Mwishoni mwa karne ya 19 yaliuzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kofia za wanawake, na ndege waliuawa kwa wingi wakiwa kwenye viota. Chama cha Uingereza cha kulinda ndege, RSPB, kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliokataa biashara hiyo.

Hatua ya saba: sasa mdomo

Ukishapita kote huko, mdomo unaweza kuthibitisha ulichokwisha kukijua. Mdogo ana mdomo mweusi, mwembamba, na ngozi tupu iliyo kati ya mdomo na jicho huwa na rangi ya kijivu yenye ubuluu. Wa ng'ombe ana mdomo wa njano, mfupi, na chini yake manyoya yamesogea mbele kama kidevu kilichovimba. Kidevu hicho ni dalili ya kudumu, nzuri kuliko rangi yenyewe.

Mitego iko mitatu. Yangeyange mkubwa anayezaliana hapa Afrika hugeuka mdomo mweusi, na ngozi ya usoni hugeuka kijani. Anayefuata kanuni ya rangi humwandika "mdogo", ilhali ndege ana karibu mita moja na vidole vyeusi. Pili, kinda wa yangeyange wa ng'ombe hutoka kiotani na mdomo mweusi, ukabaki hivyo kwa muda kabla ya kuwa njano. Naye huandikwa "mdogo". Mtazame kidevu, mtazame vidole. Tatu, wa kati na wa ng'ombe wakati wa kuzaliana wote hupata mdomo wenye wekundu wa machungwa na ncha ya njano. Hapo shingo na kimo ndivyo vitakavyoamua.

Programu za simu za kutambua picha zinasaidia, nami sizidharau. Ila picha isiyoonyesha vidole wala kona ya kinywa haiwezi kuipa programu kile ambacho hakimo ndani yake.

Pwani: yule wa tano

Kuanzia visiwa vya Kisite karibu na Shimoni, kushuka Pemba, Unguja na Mafia, hadi Komoro na Madagaska, kuna Egretta dimorpha. Vitabu vingine vinamhesabu kuwa spishi kamili, vingine vinamweka chini ya yangeyange mdogo. Usishangae ukikuta majina yanapishana.

Huyu huja kwa rangi mbili: mweupe wote, au wa kijivu cheusi mwenye koo jeupe. Yule wa kijivu hana shida. Wa kuchanganywa naye ni Egretta ardesiaca, yule mweusi anayefunika maji kwa mabawa kama mwavuli ili apate kivuli cha kuvulia, ambaye pia ana vidole vya njano. Lakini ardesiaca ni mweusi mpaka kooni, na hukutwa sana kwenye mabwawa, mito na majaruba pia. Koo jeupe linamaliza mjadala.

Dimorpha mweupe ndiye mtihani. Mlinganishe na yangeyange mdogo kwa mambo matatu: mdomo wake ni mnene zaidi, ngozi ya kati ya mdomo na jicho ni ya njano badala ya kijivu, na njano ya vidole mara nyingi hupanda mbele ya mguu badala ya kuishia kifundoni. Akiwa kwenye mwamba wa matumbawe pamoja na wenzake wa kijivu, uwezekano unaongezeka, ingawa wenzake si ushahidi. Tope linaweza kuficha njano ile, au kuipaka mahali isipokuwepo, kwa hiyo uso ndio wa kuaminiwa zaidi kuliko mguu.

Kwa msomaji aliye Muscat au Salalah kule Omani, na hata kando ya Ziwa Turkana, anayechanganywa na yangeyange mdogo ni Egretta gularis. Naye ana rangi mbili, mdomo mnene uliopauka badala ya mweusi safi, na miguu isiyo nyeusi tii.

Wakiruka

Jioni makundi hupita juu kwenda kulala, na hapo hakuna vidole vya kukaguliwa kwa utulivu. Wa ng'ombe hupiga mabawa haraka, ni mfupi mbele na nyuma, na miguu hutokeza kidogo tu. Mkubwa hupiga mabawa polepole, shingo iliyokunjwa hufanya tumbo kubwa chini ya kifua, na miguu hutokeza mbali nyuma ya mkia. Mdogo yuko katikati, na vidole vyake vya njano humtangaza. Wa kati angani mimi simwandiki, labda awe anaruka bega kwa bega na mkubwa.

Kuandika

Andika dalili kwanza, jina baadaye. Kwa mfano: "Saa 1:40 asubuhi, jaruba lenye maji ya kifundoni. Mweupe, mfupi kuliko korongo wa kijivu aliye karibu. Anatembea polepole. Vidole vyeusi, juu ya goti njano chafu. Mstari wa kinywa unaishia chini ya jicho. Mdomo njano, mfupi. Brachyrhyncha." Maandishi kama hayo yanaweza kukaguliwa na mtu mwingine miaka mitano baadaye. "Yangeyange wa kati, 1" hayakaguliki.

Ukiwa na picha, hakikisha angalau moja ni ya ubavu na moja ni ya ndege anayeinuka, hata kama si nzuri kwa kutundika ukutani. Na pale ambapo vidole hukuviona, kinywa hukukiona na jirani hakuwepo, eBird, tovuti ya kuandikia ndege uliowaona, ina nafasi ya kuingiza yangeyange mweupe asiyetambulika. Itumie bila aibu.